Mwanza: Tomi alikuwa anakohoa usiku, tukasema ni baridi ya ziwa. Kumbe moyo

Binti wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wakuu. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni sebuleni, simu mkononi, mbwa wangu amelala mbele yangu namhesabia pumzi. Ni mwezi wa nne sasa nafanya hivi kila usiku. Nataka kila mwenye mbwa au paka humu ajue namna ya kufanya, kwa sababu mimi nilichelewa kujua. Nilishapoteza paka, na nusura nimpoteze na mbwa.

Tomi ana miaka 11. Ni mbwa mdogo, mweupe, kilo sita na kidogo, mchanganyiko wa asili isiyojulikana. Marehemu mama alimpata Pasiansi akiwa bado ananyonya, akamlea kwa dona na mapanki. Mama alipofariki Tomi akabaki kwangu, kwa hiyo mkiona nalia kwa ajili ya mbwa mjue si mbwa peke yake.

Mwaka jana, kipindi kile cha upepo wa Julai, alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, usiku zaidi kuliko mchana, na mwishoni ananyoosha shingo kama anataka kutapika halafu hakitoki kitu. Nyumba yetu iko mlimani, kwenye mawe, upepo wa ziwa unaingia bila hodi. Kila mtu akasema baridi. Shangazi yangu akashikilia ni mwiba wa sangara umekwama. Nikaenda duka la dawa nikanunua dawa ya kikohozi ya watoto. Siku mbili akanyamaza, ya tatu kikarudi. Kisha akaanza kukaa chini njiani. Zamani tulikuwa tunashuka naye mpaka mwaloni na kupanda tena, sasa kwenye ngazi za jirani anasimama, ananitazama, anakaa. Nikasema uzee.

Usiku mmoja saa nane nikaamka nikamkuta amesimama katikati ya chumba. Hataki kulala. Miguu ya mbele ameitanua, viwiko viko nje, shingo imenyooka mbele, tumbo linaingia na kutoka kama mvukuto. Akijaribu kulala tu, anainuka. Ulimi haukuwa mwekundu tena, ulikuwa wa zambarau.

Nilimpigia daktari wa mifugo ambaye alikuwa amewachanja kichaa mbwa wa mtaani kwetu. Mungu ambariki, alipokea. Alipofika hakumshika sana. Alisikiliza kifua kama dakika moja, akampiga sindano ya Lasix (dawa ya kukojosha maji yaliyozidi mwilini), akafungua madirisha yote, akasema: mwacheni kwenye sementi, asibebwe, asilazwe, watoto watoke. Tukakaa kimya. Baada ya muda Tomi akakojoa. Akakojoa tena. Akakojoa mara ya tatu, dimbwi zima, na mimi nafuta huku nalia. Kulipopambazuka akajilaza kwa ubavu mwenyewe, mara ya kwanza usiku ule.

Hapo ndipo dokta akaniambia: sasa mhesabu. Nikapata 44 kwa dakika. Akasema alipoingia mlangoni ilikuwa inapita 70.

Namna yenyewe ni hii. Subiri alale usingizi wa kweli, si ule wa kuota anarusharusha miguu, na asiwe ametoka kwenye jua. Tazama ubavu. Ukipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa au paka mzima akiwa usingizini huwa chini ya 30. Ukikuta anazidi 30, hesabu tena baada ya saa moja au mbili. Ukikuta bado inazidi, au kila siku inapanda, mpeleke. Usisubiri aanze kukohoa wala kuhema.

Paka wangu sikumhesabu kwa kuwa sikujua. Aliitwa Zuhura. Siku moja nilimkuta amekaa kama kuku anayeatamia, viwiko vimetoka nje, mdomo wazi. Nikadhani joto. Nilimpeleka sehemu moja hapa mjini, siitaji. Wakataka kupiga picha ya X-ray, wakamlaza chali kwa nguvu, akawa anapambana. Walihitaji mtu wa kushika miguu ya nyuma. Mimi ndiye niliyeshika. Alikufa pale mezani, mikononi mwangu, na hakuna aliyekuwa amemsikiliza kifua kwanza.

Tomi leo usiku: 24.

---

mkolani_juu

Pole sana dada. Lakini mimi nimefuga mbwa wa kienyeji tangu utoto, kwa babu Magu walikuwa sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua moyo. Haya magonjwa si ya hawa wa kununua, wale wa pua fupi?

---

Dokta Kwato

Mkolani, ndugu yangu, hao sita wa babu walikuwa wanakufa kwa nini? Ukikumbuka vizuri utasikia "aliamka amekufa", "alikonda tu", "tumbo lilijaa". Hatukuwa tunawapasua. Na wengi hawakufika umri ambao moyo unachoka.

Mimi ni daktari wa mifugo kanda hii, siku yangu nyingi inaisha kwa ng'ombe, mbwa na paka wanakuja jioni. Nimesoma aliyoandika dada wa Kirumba na sina la kusahihisha, nataka kuongeza tu.

Ugonjwa wa Tomi ndio ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi kuliko mwingine wowote. Upande wa kushoto wa moyo kuna vali, ni kama mlango wa ngozi kati ya chumba cha juu na cha chini. Kwa mbwa wadogo wanapozeeka, ule mlango unanenepa, unakunjamana kingo, haufungi vizuri. Moyo ukibana, damu badala ya kwenda mbele yote, nyingine inarudi nyuma. Unasikia sauti ya "shuu" kwenye kifua. Moyo unajitanua ili kufidia, na mbwa anaweza kuishi miaka mingi hivyo bila dalili yoyote. Tatizo ni siku shinikizo linaporudi mpaka kwenye mishipa ya mapafu, maji yanaanza kuvuja na kuingia mapafuni. Ndiyo maana Lasix inamwokoa: anakojoa yale maji. Hakuna cha mwiba hapo.

Kwa mbwa wakubwa, Doberman, Boxer na wenzao, ni tofauti. Kwao misuli yenyewe inalegea, moyo unakuwa kama mfuko. Huyo unaweza kumwona amezimia ghafla akikimbia, au tumbo limejaa maji.

Paka naye ana wake. Misuli ya moyo inanenepa kuelekea ndani mpaka nafasi ya damu inakuwa ndogo. Na hapa nisikilizeni kwa makini: paka mwenye moyo mbovu mara nyingi hakohoi. Anajificha, anaacha kuruka dirishani, analala sana, mnasema ametulia. Siku mnayoona amefungua mdomo kupumua, tayari ni dharura. Mbwa kuhema mdomo wazi ni kawaida yake ya kupoza mwili. Paka si kawaida, labda awe ameogopa sana au ametoka kukimbizana, na hata hapo iishe ndani ya dakika chache.

Kuhusu Zuhura nasikitika sana, dada. Mnyama anayepigania pumzi halazwi chali. Halazwi hata ubavu kwa nguvu. Kwanza hewa, utulivu, sindano, halafu ndipo picha, tena akiwa amekaa kwa tumbo. Vijana wangu nawaambia hilo kabla hawajashika kitu kingine.

---

Binti wa Kirumba

Asante Dokta. Niliteseka na lile la kushika miguu kwa muda mrefu. Asante.

---

Mama Dagaa

Shikamoo Dokta, na wengine salamu. Mimi niko Mwaloni, nafanya dagaa na sangara wa kubanika. Nina paka watatu pale kibandani, bila wao panya wangenimaliza. Mmoja, wa kike, kila tukiwasha kuni za kubanikia anaanza. Anajikunyata, tumbo karibu na ardhi, shingo mbele kabisa, anakohoa kama anatoa nywele, lakini nywele hazitoki. Inapita, anaendelea na shughuli zake. Je, ni moyo?

---

Dokta Kwato

Marahaba mama. Hapo ulivyomchora, ninachokiona kwanza ni pumu. Paka wanaugua pumu kama sisi, njia za hewa zinavimba na kubana, na moshi ni kichochezi kikubwa. Pamoja na moshi wa kuni, ondoa na dawa ya mbu ya kuchoma, na udi. Wengi wanafukiza udi chumba kimoja na paka milango imefungwa. Wapo pia minyoo wa mapafu ambao paka anawapata kwa kula konokono, au panya na mijusi waliokula konokono, na huyo wako anakula panya, kwa hiyo tutapima kinyesi.

Jambo la kufanya leo, mama: siku za kubanika ahamishwe. Pia nipige video fupi ya simu akiwa kwenye kile kikohozi. Video inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa, maana wakifika kwangu huwa wamenyamaza. Kuna paka wanaotumia pampu ya pumu kama ya binadamu, wanavalishwa kikombe cha usoni, wanazoea. Ila dawa na kipimo nikupe mimi, usiazime ya mtoto.

---

Mzee wa Igoma

Nasoma na kuna jambo linanichoma. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mbwa wa ulinzi, wa pua fupi, mnene, tulimwita Bosi. Kibanda chake nilikijenga mwenyewe juu ya jiwe, bati juu, bati pembeni. Mnajua mawe yetu saa nane mchana yanavyokuwa. Alikuwa amefungwa mnyororo. Nilirudi kutoka Kisesa saa kumi nikamkuta analala, anakoroma kwa nguvu, ute mzito mdomoni, fizi nyekundu sana. Nikamfunika taulo lililolowa nikatafuta gari. Tukiwa Buzuruga foleni akakata roho. Nilikosea wapi?

---

Dokta Kwato

Shikamoo mzee, na pole. Mbwa wa pua fupi amezaliwa na njia ya hewa iliyobanwa: matundu ya pua membamba, ngozi ya nyuma ya kinywa ndefu kupita nafasi. Mbwa anapunguza joto kwa kuhema. Wa pua fupi akihema anatumia nguvu nyingi, koo linavimba, hewa inapungua zaidi, joto linapanda zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 mpaka 39. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Kilichohitajika kabla ya gari ni maji. Mengi, ya kawaida ya bombani, mwili mzima, hasa tumbo na mapajani, na upepo: pepea, au madirisha ya gari wazi. Taulo lililolowa likikaa juu linageuka blanketi, linazuia joto lisitoke. Mpoze kwanza, ndipo msafiri. Hilo watu wengi hawalijui, mzee, nawe ulifanya ambalo mtu yeyote angefanya.

Na kwa wengine wenye vibanda vya bati juu ya mawe: ezekeni nyasi, au muwe na mti.

---

Mzee wa Igoma

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Kile kibanda nitakivunja, wajukuu wanataka mbwa mwingine.

---

rahma_nyakato

Mimi nina la paka. Alikuwa dume, miaka 5, mnene, hana shida yoyote. Alfajiri wakati wa swala nikasikia amepiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa paka. Nikakimbia, nikakuta anajiburuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma yote imelala kama kamba. Mume wangu akasema amepigwa na jirani. Mwingine akasema nyoka. Nilipomshika miguu ya nyuma ilikuwa ya baridi, na zile nyayo za chini zilikuwa zimegeuka rangi kama samawati, wakati za mbele ni pinki. Anapumua mbio mbio. Alikufa saa tano. Tuligombana na jirani mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa.

---

Dokta Kwato

Dada Rahma, jirani yenu hakumpiga.

Ule moyo ulionenepa niliousema juu, damu inazubaa ndani yake, inaganda. Donge likichomoka linafuata mshipa mkubwa unaoshuka mgongoni mpaka pale unapogawanyika kwenda miguu miwili ya nyuma, linakwama hapo hapo kwenye njia panda. Damu haipiti. Ndiyo maana miguu ilikuwa baridi, nyayo samawati, na maumivu yake ni makali mno, ule ukelele ulikuwa wa maumivu. Wengi hawaponi. Wapo wanaotembea tena, lakini wachache, na wanahitaji dawa ya maumivu yenye nguvu mara moja. Wenye paka wote: miguu ya nyuma ikilegea ghafla, gusa uone kama ina joto. Ikiwa baridi, hilo si fimbo wala nyoka.

---

rahma_nyakato

Subhanallah. Kesho naenda kwa yule mama wa jirani.

---

mkolani_juu

Dokta nimekuelewa na nafuta niliyosema. Swali: paka wa watu wa kawaida anakula ugali na maharage, samaki siku akibahatika. Inahusiana na moyo?

---

Dokta Kwato

Inahusiana sana. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini. Binadamu na mbwa wanaweza kukitengeneza mwilini, paka anatengeneza kidogo mno, lazima akile. Kimo kwenye nyama na samaki, moyo wa ng'ombe unacho kingi, kwenye mahindi na maharage hakimo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, wakiongozwa na Paul Pion, walionyesha kwamba paka waliopungukiwa taurini misuli ya moyo ililegea, na wakipewa taurini wengi walirudi kuwa wazima. Viwanda vya chakula cha paka vikaongeza taurini baada ya hapo. Ni ugonjwa wa moyo ambao chakula kinautibu, si kawaida jambo hilo.

Kwa hiyo sisi tulio kando ya ziwa hatuna kisingizio. Vichwa vya sato, dagaa, utumbo wa samaki uliochemshwa, paka wako yuko vizuri. Ila taurini inayeyuka kwenye maji, ukichemsha dagaa ukamwaga supu umemwaga na taurini. Changanya na supu yake. Supu isiyo na chumvi wala kitunguu. Kitunguu kinapasua chembe za damu za paka na mbwa, na mnyama aliyeishiwa damu naye anapumua mbio.

Chumvi: kwa mwenye moyo mgonjwa, msimpe masalio ya kayabo. Samaki wale wamelala kwenye chumvi siku nyingi, inashikilia maji mwilini na kazi yote ya Lasix inaharibika.

---

Binti wa Kirumba

Hilo la kayabo ni kweli kabisa. Mwezi wa pili wa matibabu namba za Tomi zilipanda ghafla kutoka 25 mpaka 37, dawa hajakosa hata siku moja. Tukatafuta weee. Kumbe kijana wa kazi alikuwa anamtupia vipande vya kayabo akimwonea huruma kwamba chakula chake hakina ladha. Tukaacha, baada ya siku chache akarudi 26. Kama nisingekuwa na daftari la namba nisingejua, kwa macho alikuwa anaonekana mzima.

---

Mama Dagaa

Na hizo dawa bei gani mwanangu? Usije ukatuambia za matajiri.

---

Binti wa Kirumba

Mama, shikamoo. Lasix ni ile ile ya binadamu, ya bei ndogo, duka lolote la dawa. Dokta wangu alinikatia kidonge vipande na kunionyesha kipande chake, anakula mara mbili kwa siku. Maji yawe pale muda wote, maana anakojoa sana na kiu inakuja, usimnyime ukidhani unamsaidia. Nyingine inaitwa pimobendani, hiyo ndiyo ghali na inaagizwa, mimi nachangishana na kaka yangu aliye Dar.

---

Dokta Kwato

Naongeza kwa haraka: msinakili kipande cha Tomi. Kipimo kinafuata kilo, na Lasix ikizidi inakausha mwili na kuumiza figo. Pimobendani inasaidia moyo kubana na kulegeza mishipa. Kuna utafiti ulitoka 2016, mbwa 360 wenye vali mbovu na moyo uliotanuka ambao walikuwa bado hawajaanza dalili. Waliopewa dawa hiyo mapema walikaa kwa wastani wa kama miezi 15 zaidi kabla ya maji kuingia mapafuni. Miezi 15 kwa mbwa ni muda mrefu. Ndiyo maana nawaomba, mkileta mbwa mzee kwa chanjo, mwambieni daktari asikilize na kifua.

---

rahma_nyakato

Dokta, paka akiwa na homa na mafua naweza kumpa Panadol robo? Mtaani wanasema.

---

Dokta Kwato

HAPANA. Dada, tafadhali, hapana. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na robo naye ni sumu. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia kama chai ya rangi, uso na nyayo vinavimba, anapumua mbio na watu wanasema mafua yamezidi, wanamwongezea nyingine. Aliyekwisha kumpa, amkimbize sasa hivi, dawa ya kuipinga ipo lakini saa zinahesabika.

Na mnyama anayehema msimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula kwa nguvu. Anahitaji kupumua, ukimmiminia anavuta kwenye mapafu. Nimepasua mbwa waliosemekana wamelishwa sumu, nikakuta mapafu yamejaa mafuta ya alizeti.

---

Nansio Gatini

Wakuu niko Ukerewe. Huu uzi nimeusoma wote tangu saa mbili, halafu nikatoka nje nikaenda kumhesabu mbwa wangu. Ni wa kienyeji, miaka 3, anaitwa Jeki. Siku ya nne hali chakula vizuri. Amelala lakini nimepata 44. Nimerudia, 46. Hakohoi. Je, ni moyo? Huku daktari yupo mbali.

---

Dokta Kwato

Jeki ana miaka 3 na hakohoi, kwa hiyo kabla ya moyo nataka kujua mengine. Chukua tochi, mfunue mdomo, niambie fizi zina rangi gani. Mkojo wa rangi gani. Tazama ndani ya masikio na kati ya vidole kama kuna kupe.

---

Nansio Gatini

Nimefanya. Fizi ni nyeupe kama unga wa muhogo. Mkojo wa jioni ulikuwa kama kahawa, nilidhani ni uchafu wa mchanga. Kupe wapo, sikioni nimeona zaidi ya kumi.

---

Dokta Kwato

Huo ni ugonjwa wa kupe. Vijidudu vimeingia kwenye chembe za damu na kuzipasua, damu imebaki kidogo, ndiyo maana anapumua haraka: mapafu mazima, moyo mzima, ila mabehewa ya kubeba hewa yamekwisha. Hapa Kanda ya Ziwa mbwa kijana anayehema na fizi nyeupe mimi naanza na kupe, siku zote. Lasix hapa ingemdhuru.

Asikimbie, asipandishwe bodaboda amebanwa katikati. Unaweza kupanda meli ya asubuhi?

---

Nansio Gatini

Naweza. Nina tenga la nyanya, nimtandikie gunia, juu wazi. Nisimfunge kwenye kiroba?

---

Dokta Kwato

Tenga ni zuri. Kiroba hapana. Kaeni juu, upande wa kivuli wenye upepo, mbali na injini. Maji kidogo kidogo akitaka mwenyewe. Usimkamue kupe sasa hivi, utamchosha. Nitakuja kuwapokea gatini mwenyewe, niandikie ukitoka.

---

Binti wa Kirumba

Kaka wa Nansio, andika namba kila saa ukiwa njiani. Nami nitakuwepo gatini, nina feni ndogo ya betri.

---

Nansio Gatini

Wakuu nimerudi, leo siku ya tano. Samahani kwa ukimya, simu ilizima tukiwa majini. Dokta alimchukua tone la damu sikioni pale pale, akaliweka kwenye kioo, akaniita nichungulie kwenye darubini: nukta ndogo ndogo ndani ya chembe, mbili mbili, kama mbegu za papai. Amepigwa sindano ya kupe, atarudia nyingine baada ya wiki mbili. Dada wa Kirumba alikaa na ile feni mpaka saa tisa.

Njiani namba zilikuwa 48, 46, 50. Siku ya pili 40. Jana 33. Leo saa sita usiku, kwenye tenga lile lile maana amelipenda, 27. Fizi zimeanza kupata rangi kidogo pembeni mwa meno ya chini.

---

Mama Dagaa

Wangu nimemhesabu kwa tochi ya simu, yule wa kukohoa. 34, na hapo leo hatujawasha moto. Dokta nakuja naye Jumatatu, na video nimepata.